Taa Iliyowaka Tukienda Marui

Zuhura mwanangu,

Habari za safari sikuulizi, maana ninapoandika haya safari haijaanza na wewe mwenyewe hupo. Umekwenda Magindu kumuaga shangazi yako, umepanda basi kwa sababu umesema gari lipumzike. Mimi nimebaki hapa Mkuza na gari lililopumzika, jua likishuka nyuma ya nyumba ya Mama Anna. Barua hii nitaiweka kwenye kapu la chakula, chini ya chapati. Nakujua, hufungui chakula njiani mpaka njaa ikutukane. Kwa hiyo utaikuta umeshaivuka Morogoro, mahali ambapo mtu hageuzi tena gari kwa sababu ya karatasi.

Wosia sina. Shangazi yako atakuwa amekupa wa kukufikisha Makete na kukurudisha: usiazimishe vyombo, usicheke na kila mtu, vaa sweta hata jua likitoka. Nikiongeza na wangu utashindwa kujua upi wa nani. Mimi nataka nikueleze jambo moja tu, la siku ile ya arobaini ya mama yako, niliposimamisha gari ghafla tulipokwisha kupita Kisarawe mjini, nikalaza kichwa kwenye usukani. Ulinishika bega ukasema, "Lia baba, lia tu." Nikalia. Ulidhani unajua ninacholilia. Ulijua nusu.

Na nakueleza leo kwa sababu ya neno ulilosema asubuhi ukinywa chai. Ulisema, "Baba, taa ya injini ikiwaka kesho, siendi. Nawapigia simu kituo cha afya cha Makete nawaambia nina mgonjwa, gari." Ukacheka, nami nikacheka. Kisha ukainama ukakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Basi tuanze na hiyo taa.

Miaka mingi ya ugonjwa wa gari hili wewe ulikuwa shule ya bweni, halafu chuo cha uuguzi, kwa hiyo unaujua kwa kusimuliwa. Nililinunua likiwa tayari limeishi. Lilikuwa jeupe, siku hizi lina rangi ya chai ya msibani. Aliyeniuzia aliniapia kwamba halijawahi kumsumbua, na sidhani alisema uongo. Lilikuwa linanisubiri mimi. Ile taa ya manjano yenye umbo la injini ingewaka moja kwa moja ningeshukuru, kwa kuwa ugonjwa unaokaa una dawa yake. Hii iliwaka leo, ikakaa siku mbili tatu, ikazima yenyewe. Ikanyamaza mpaka ukaisahau, halafu ikarudi kama mgeni aliyeacha mwavuli.

Nikalipeleka kwa fundi Kessy, yule mpole anayezungumza na magari kuliko na watu. Akachomeka mashine yake ya kupimia, akaisoma, akasema, "Mzee, sensa." Akabadilisha sensa, kile kidude kinachoipa kompyuta ya gari habari za injini, akafuta, taa ikazima, tukapeana mikono. Ikarudi. Akabadilisha koili ya plagi. Ikarudi. Akasema labda petroli chafu, nikahama kituo cha mafuta, na taa ikanifuata huko nilikohamia. Mimi nami nikajifunza ujanja wangu: nikichomoa waya wa betri, nikaenda kunywa chai, nikirudisha taa imesahau kila kitu. Nilijivuna nao ujanja huo. Sikujua kwamba kila nikifanya hivyo nafuta na kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Yaani nafukuza shahidi mwenyewe, halafu namwuliza Kessy kwa nini kesi haina ushahidi.

Ndipo nikaanza kulichunguza. Shule mimi niliiacha darasa la saba, macho hayakuacha. Ukarani wa ghala unakufundisha kuona gunia lililopungua kwa namna lilivyokaa. Gari lile nililijua lote. Nilijua linavyokohoa asubuhi yenye ukungu, linavyonung'unika likiwa na abiria nyuma, mlio wake wa kupanda mlima uliokuwa kama wa mtu aliyekula ugali mkavu. Kessy aliponiuliza, "Mzee, hiyo taa inawaka likiwa la moto au la baridi?" nilimjibu mpaka akaniomba nipumzike. Kitu kimoja tu sikukiona, na hicho kilisemwa masikioni mwangu.

Mama yako hakuchunguza chochote. Alikaa kiti cha pembeni, mkoba magotini, akasema, "Baba Zuhura, hili gari linawaka taa tukienda kwetu tu."

"Linajuaje kama tunakwenda kwenu?"

"Linakujua wewe. Wewe ukienda ukweni unabadilika, na lenyewe linabadilika."

Ukawa ndio utani wa nyumba. Tukifika Marui, mjomba wako Shomari anatoka na singlendi yake: "Shemeji! Limewaka?"

"Limewaka, shemeji."

"Lina adabu hilo. Linaona haya kuingia ukweni mikono mitupu."

Bibi yako anauliza kutoka jikoni, kwa ile sauti inayopanda mwishoni, wanacheka nini huko nje. Anaelezwa. Anasema, "Mwacheni mkwe wangu. Hata yeye siku ya kwanza alikuja amebadilika rangi." Mama yako anacheka mpaka anashika ukuta. Hivyo ndivyo tulivyoishi na taa ile. Ilikuwa kama mtoto mtundu wa nyumbani.

Kisha mama yako naye akaanza. Anatandika kitanda, anaketi ghafla. "Moyo umekimbia," anasema, na kiganja kifuani. Kidogo tu, unarudi, anamalizia shuka. Wiki zinapita kimya. Halafu unakimbia tena. Akaufanya mzaha kama alivyofanya kila kitu: "Baba Zuhura, mimi na gari lako tumekuwa pacha. Leo tunawaka, kesho tunazima. Tupeleke wote kwa Kessy akatufute." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ulikuwa mzaha mzuri. Niliusimulia hata kwa Kessy, naye, asiyecheka, akacheka.

Usidhani hatukwenda hospitali. Tulikwenda. Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari yake, mistari ikatoka safi. Daktari alikuwa kijana, mpole, wala hakuwa na haraka. Nimeirudia siku ile mara nyingi nikitafuta pa kumlaumu, sijapata pa kushika. Alivuta kiti akamwuliza mama yako, "Mama, hii hali inakuja wakati gani?"

"Wakati wowote tu, dokta."

Unamjua alivyokuwa mbele ya watu waliosoma. Daktari akanigeukia mimi. "Mzee, wewe unaishi naye. Inamjia akiwa anafanya nini? Akiinama? Akitembea juani? Akiwa amelala? Inakaa kwa muda gani?"

Zuhura, nilikaa pale. Mimi niliyejua gari linanung'unika likiwa na abiria nyuma. Nilifungua mdomo, nikasema, "Wakati wowote, dokta." Nilinakili jibu la mama yako kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani. Yule kijana akasubiri kidogo, labda nitaongeza neno. Akatuandikia dawa, akatuambia ikitokea tena tusingoje, tuje palepale ikiwa bado ipo. Ilitokea tena. Mama yako akasema, "Imeshapita, twende tukawasumbue watu kwa kitu kilichopita?" Nikaona ana hoja.

Unajua alivyofia Marui. Alitangulia kwa basi kumsaidia bibi yako kuokota korosho, mimi nilisema nitafuata gari likitoka kwa Kessy. Shomari alinisimulia kwamba mama yako alikuwa ametoka shambani, akaketi kizingitini, akasema moyo umekimbia. Wakamletea maji. Wakangoja urudi, kama sote tulivyozoea kungoja.

Siku ya arobaini nilifanya kile nilichofanya kila safari ya ukweni. Asubuhi, wewe hujaamka, nilipeleka gari kuoshwa pale barabarani. Kwetu Kondoa nilifundwa kwamba ukweni huendi na vumbi. Na mwanamume wa bara aliyeoa Uzaramoni anaangaliwa viatu kabla ya uso. Halafu mjomba wako ana tabia yake, hata maji ya kunywa hujapewa: "Shemeji, fungua boneti tuone." Wanaume wanalizunguka gari, wanaitazama injini wasiyoijua, wanatikisa vichwa kama majaji. Kwa hiyo safari za Marui sikuosha gari tu. Niliosha na injini, kwa ile mashine ya maji ya presha, mpaka ing'ae. Siku nyingine injini sikuiosha kamwe. Ya nini? Hapa Mkuza nani ananifungulia boneti?

Tukaondoka, wewe ukiwa kwenye kiti cha mama yako. Tulipoipita Kisarawe, lami ilipokwisha, taa ikawaka. Nawe, kwa nia njema, ili kunichekesha, ukasema, "Baba, limeanza. Limejua tunakwenda kwao mama."

Hapo ndipo niliposimama. Nilimsikia yeye. Tukienda kwetu tu. Miaka yote nilisikia sentensi ile ikiwa imefunikwa na kicheko, chake na changu. Siku hiyo kicheko hakikuwapo, nikaisikia yenyewe. Tukienda kwao tu. Na tukienda kwao, mimi huwa nafanya nini?

Baada ya msiba nililipeleka kwa Kessy nikamwambia, "Mwagia maji injini."

"Mzee, unataka kuua gari?"

"Mwagia."

Akamwagia, tukalizungusha mitaani, taa ikawaka. Akaufuata waya wa ile sensa kwa vidole, taratibu, mpaka kwenye soketi yake. Mpira unaozuia maji ulikuwa umepasuka kwa uzee, ufa mwembamba wa kufanana na unywele. Maji yakiingia, taa inawaka. Injini ikiyapika siku mbili tatu yanakauka, taa inazima. Nami siku zote nililipeleka kwake likiwa kavu, au nimeshalifuta mwenyewe. Mashine yake haikudanganya hata siku moja. Ilitaja waya unaolalamika, ila haikuwa na namna ya kujua nani anaumwagia maji. Aliyejua alikuwa amekaa pembeni yangu na mkoba magotini, na alisema.

Kessy alifuta mikono, akanitazama, akasema, "Mzee, mbona unalia? Limepona hili." Ningemjibu nini? Kwamba nilisubiri mke wangu afe ndipo nimsikie kuhusu soketi? Na kama nilimpuuza kwenye soketi, je, nilimsikia aliposema yeye na gari ni pacha?

Nimeandika mpaka hapa nikaenda kuwasha taa ya sebuleni. Niendelee.

Soketi mpya kwa gari la umri huu haipatikani, Kessy aliipaka gundi akaifunga kwa mkanda wa plastiki. Kwa hiyo injini usiioshe, iache na vumbi lake. Huko Makete huna ukweni bado, na ukiupata, wafungulie boneti chafu waamue mapema. Taa ikiwaka ikatulia, usikimbilie kuifuta. Jiulize jana ulipita wapi, mvua ilinyesha, umeosha, umejaza mafuta wapi, kisha nenda taratibu kwa fundi na majibu yako. Ikiwa inapepesa na gari linatetemeka, simama, usilibembeleze. Basi, hayo ndiyo ya gari.

Lakini wewe huendi Makete kuendesha gari. Unakwenda kukaa kwenye kile kiti cha yule daktari kijana, au kilicho jirani nacho. Atakuja mzee mmoja na mkewe, kofia mkononi, utamwuliza inamjia wakati gani, atakuambia wakati wowote. Nakuomba usimwandike hivyo ukaita mwingine. Mwulize kwanza habari ya ng'ombe wake, au pikipiki yake. Utashangaa. Atakueleza ng'ombe anapoinamisha kichwa, upande anaolalia, siku aliyoacha kucheua. Mwache amalize. Kisha mwulize, "Na mama?" Ataona aibu, mwanangu. Mwache aione, maadamu bado ana mke wa kumgeukia na kumtazama.

Sasa neno lako la asubuhi.

Nimechelewa kujifunza lugha ya mama yako, lakini nimejifunza. Nyinyi wawili mnaweka neno zito ndani ya mzaha, mnalisukuma mbele ya mtu kama sahani, mnangoja aone au asione. Ulichosema ukikoroga chai ni kwamba unaogopa kuniacha na nyumba hii. Au ulitaka nikuombe ubaki. Labda vyote viwili, hata wewe hujapima.

Na mimi, Zuhura, ndiye mtu pekee Mkuza nzima anayeweza kuiwasha taa ile akitaka.

Ulipoondoka tu kwenda Magindu nilifungua boneti. Nilikuwa na jagi la maji, lile la bluu. Nilibandua mkanda wa Kessy, nikaishika soketi mkononi. Kijiko kimoja kingetosha. Asubuhi ungewasha, ingewaka, ungesema, "Baba, umeona?" Mimi ningesikitika vizuri sana, najijua. Ungewapigia simu. Tungekunywa chai. Ningepata wiki, labda zaidi, na kila asubuhi ningesikia ukiburuta ndala zako kwenda bafuni. Sikuwaza mbali zaidi ya ndala, mwanangu. Sikuwaza kazi yako wala wagonjwa wa Makete. Nilisimama na jagi nikisikiliza ndala.

Mama Anna akachungulia juu ya ukuta. "Baba Zuhura, gari limekufa?"

"Halijafa. Nalitazama tu."

"Tangu saa ile? Hata mchumba hatazamwi hivyo. Njoo ule, nimepika mbaazi."

Nikamwambia nakuja. Maji nikaumwagia mlimao. Soketi nikaipanguza kwa fulana yangu, ndani na nje, nikaipulizia mpaka kizunguzungu kikanishika, nikaifunga upya. Juu yake nikaongeza mfuko wa mkate na mkanda mwingine. Kessy akiiona atacheka, lakini haitaingia hata jasho.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa salama salimini. Jioni hapa ni ndefu, na tangu mama yako aondoke natengeneza chai nyingi kuliko ya mtu mmoja. Ila nataka unifanyie hili. Ukinipigia simu ukaniuliza hali, nami nikakujibu kwa mzaha, hata uwe mzuri namna gani, usicheke kwanza. Niulize ni wakati gani. Na mimi nitakuuliza wewe. Tukishajibizana hayo ndipo tucheke.

Kesho asubuhi utageuza ufunguo. Taa zote zitawaka kwanza, na ile ya injini ikiwemo. Ndivyo gari linavyojikagua. Ingekuwa haiwaki kabisa ndipo ungejua kuna mtu amechomoa balbu. Injini ikishika, itazima. Mimi nitakuwa nimesimama mbele ya boneti, na kutoka pale dashibodi haionekani. Ninachoweza kukiona ni uso wako tu. Ninapoandika sijui utaniambia nini. Wewe unayesoma, na chapati mkononi, unajua. Kama taa ilipozima ulitabasamu, nimekuona. Kama ulikaa kidogo, mkono juu ya gia, kama mtu aliyetumaini itabaki, hilo nalo nimeliona, na nikaenda kufungua geti.

Baba yako